Fuata Shamba: Siku Nane za Kutafuta Nasaba, Unguja hadi Pemba

Tunayemtafuta ni babu wa kizazi cha nne. Tuseme alikuwa mkulima wa karafuu, akafia Pemba baada ya vita vya 1914 na kabla shilingi haijaingia. Familia inalijua jina lake na la baba yake, basi. Wengi wenye habari kiasi hiki hukimbilia kutafuta jina, na hapo ndipo wanapopotea, maana majina yetu ni machache na yanarudiwa: mjukuu hupewa jina la babu, na ndani ya mtaa mmoja utakuta Juma bin Khamis wanne. Shamba halirudiwi hivyo. Lina jina lake, lina mipaka na majirani, na kila lilipouzwa, kuwekwa rahani au kurithiwa, karatasi iliandikwa. Safari hii inafuata shamba.

Siku ya 1, Jumapili. Mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kwa wazee

Karatasi zinangoja. Leo ni ya wazee, na vifaa ni daftari na penseli. Kila mtu atakayetajwa apewe ukurasa wake, hata kama ametajwa mara moja tu.

Usimuulize bibi babu alizaliwa mwaka gani. Muulize kama babu alikuwa keshafariki shilingi zilipoingia, yaani Januari 1936, rupia zilipoondoka. Muulize kama alikuwa keshaoa wakati wa vita vya Wajerumani, au kama mama yake alisimulia mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Kwa Unguja, tufani ya Aprili 1872 ni alama nyingine kubwa: iliangusha mikarafuu mingi, na Pemba iliyosalimika zaidi ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Ukoo unaosema "tulihamia Pemba kufuata karafuu" mara nyingi unazungumzia miaka iliyofuata hapo.

Kisha uliza mambo matano: shamba liliitwaje, alizikwa wapi, alioa kwa nani, nani alimlea, na watoto wake walisoma chuo cha Qurani kwa mwalimu gani. Wanaume hukuhesabia baba kwa baba hadi wachoke. Wanawake ndio wanaojua nani alikuwa mke wa kwanza, nani aliachwa na nani alizaliwa nje, kwa sababu wao ndio waliokaa ndani kwenye harusi na misiba. Familia nyingi zimeandika nusu ya ukoo kwa kutowauliza mashangazi na mabibi.

Kabla ya kuondoka, omba kuona vitu viwili. Cha kwanza ni msahafu au kitabu cha zamani kabisa cha nyumba: kurasa tupu za mwanzo na mwisho ndipo watu walipoandika tarehe za kuzaliwa na kufa. Cha pili ni orodha ya khitma, ile karatasi ya majina ya marehemu wanaosomewa. Iandike kwa mpangilio ule ule uliomo; mara nyingi majina yamewekwa kwa matumbo, na ukiyapanga upya kwa alfabeti umeshaipoteza nusu ya habari.

Suala la utumwa usilifungue barazani mbele ya watu. Mzee akitaka kulisema atalisema mkiwa wawili. Asipotaka, karatasi za hifadhi ya Nyaraka, Kilimani, zitakwambia bila kumvunjia heshima yeye wala marehemu.

Usiku, tengeneza ukurasa wa miezi. Hati za zamani zina tarehe za Hijria, na wazee wanahesabu kwa mfunguo: Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Pili ni Dhul Qaada, Mfunguo Tatu ni Dhul Hija, Mfunguo Nne ni Muharram, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa ambao ni Jumada ya pili, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Kosa linalojirudia ni hili: mwaka wa Hijria hubadilika Mfunguo Nne, si Mfunguo Mosi. Anayedhani mwaka unaanza baada ya Idi atakosea mwaka mzima kwa kila tarehe iliyo katika mifunguo mitatu ya mwanzo.

Kugeuza mwaka kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa 1314 unapata 1896 na kitu. Lakini amri ya kufuta hadhi ya utumwa ya tarehe 6 Aprili 1897 imo ndani ya Mfunguo Pili wa 1314 huo huo, kwa sababu mwezi huo uko karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo hesabu inakupa jirani ya mwaka, na mwezi ndio unaoamua. Tofauti ya siku moja au mbili baina ya karatasi mbili isikusumbue: mwezi ulionekana kwa macho, na siku yetu huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa wa mzee ni Alhamisi usiku kwa karani wa Kizungu.

Siku ya 2, Jumatatu. Nyaraka, Kilimani

Jengo la Nyaraka lipo Kilimani, upande wa bahari, na hifadhi yenyewe ilianzishwa 1956. Nenda mapema ukiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho. Asiye Mtanzania ashughulikie kibali cha utafiti kabla hajasafiri, si siku ya kufika. Chukua penseli, kalamu ya wino ibaki mfukoni. Kupiga picha kunaombwa ruhusa, na ada huulizwa kabla ya kazi.

Anza na katalogi, na andika namba ya jalada kabla hujalifungua. Herufi za mwanzo zinakuonyesha karatasi ilitoka ofisi gani: AA ni ubalozi mdogo wa Kiingereza, AB ni mafaili ya Sekretarieti, AM ni madaftari ya hati zilizosajiliwa, HC ni Mahkama Kuu. Kwa mwenye jina la shamba, AM ndipo pa kuanzia.

Hati ya zamani ya mauzo ni fupi na ina umbo lake. Inaanza na "aqarra", yaani amekiri: amekiri fulani bin fulani bin fulani, na mara nyingi kabila lake, kwamba amemuuzia fulani shamba lililoko mahali fulani, kwa riale au rupia kadhaa. Kisha mipaka minne, kila upande na jina la jirani. Kisha mashahidi na tarehe. Ukiihesabu vizuri, hati moja ya mistari kumi inaweza kuwa na watu wanane. Waandike wote, majirani na mashahidi pia. Jirani wa 1890 huwa mkwe wa 1905.

Angalia kwa makini ni kitu gani kimeuzwa. Kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Hati inaweza kuuza mikarafuu kadhaa bila ardhi iliyoisimamisha. Na si kila neno "ameuza" ni kuuza. Kuna bei ya khiyari: mwenye shamba anachukua fedha, anaandika kuwa ameuza, lakini ana haki ya kulikomboa ndani ya muda waliokubaliana, na mara nyingi anaendelea kukaa humo humo kwa kulipa kodi. Kwa kweli ni mkopo. Mtafiti asiyejua hili anaandika kuwa babu aliuza shamba akahama, kumbe babu alibaki hapo miaka yote. Tafuta neno khiyari na muda. Ukiuona muda, tafuta hati ya pili ya ukombozi.

Usomaji wa majina una mitego yake. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakina p, v, ch wala g kama tunavyozijua. P huandikwa kwa be au fe, v kwa fe, ch kwa shin, g kwa ghaini, na m au n iliyo mbele ya konsonanti huachwa mara nyingi. Chake hugeuka Shake, Pujini hugeuka Bujini au Fujini, Vitongoji huanza na f. Pemba yenyewe utaikuta kama al-Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na aliyekuwa akitafuta neno Pemba tu ataipita hati yake bila kujua. Makarani wa Kiingereza nao waliandika walivyosikia, Wete wakaifanya Weti. Kabla ya kuomba jalada, andika jina la babu na la shamba kwa namna zote unazoweza kuzifikiria, kisha tafuta kila moja.

Siku ya 3, Jumanne. Bado Kilimani: mirathi

Hii ndiyo siku yenye mavuno kuliko zote, na inahitaji utulivu. Faili la mirathi ni picha ya familia siku mtu alipofariki, na hata pale majina yalipoliwa na wadudu au wino umetoboa karatasi, mafungu yanabaki yakisema.

Tuchukue mgawo ambao umesalia na namba tu. Jumla ni mafungu 120: mmoja kapata 15, mmoja 20, wawili 34 kila mmoja, na mmoja 17. Kumi na tano katika 120 ni thumuni, moja ya nane, nayo ni ya mke pale marehemu alipoacha watoto. Ishirini ni sudusi, moja ya sita, ya mzazi. Kama karatasi inamtaja mwanamke, ni mama. Zilizobaki 85 zimegawanywa kwa vichwa vitano, mwanamume viwili na mwanamke kimoja: watoto wawili wa kiume 34 kwa 34, wa kike 17. Bila kusoma hata jina moja umejua kuwa babu alikufa mzazi wake mmoja yu hai, ameacha mjane mmoja, vijana wawili na binti. Mjane angekuwa na robo badala ya thumuni, maana yake hakukuwa na mtoto wala mjukuu wa mtoto wa kiume. Thumuni ikigawanywa mara mbili, wajane ni wawili.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Kuna watoto, lakini hakuna mke katika mgawo. Mama huenda alikufa kwanza, huenda aliachwa, au alikuwa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Suria aliyemzalia bwana wake alikuwa huru bwana alipokufa, lakini hakurithi kama mke. Mtoto wake alirithi kwa baba sawasawa na ndugu zake. Kwa hiyo fungu la mtoto halikuonyeshi hali ya mama. Tafuta mahali pengine, hasa katika wasia.

Wasia kwa sheria hauzidi theluthi ya mali na haumwendei mrithi. Anayetajwa humo ni mtu aliye karibu na marehemu ambaye hakuwa na fungu: mtumwa aliyeachwa huru, mtoto wa kulea, mtoto wa mke kwa mume mwingine, mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa. Wengi husoma wasia wakadhani hao ndio watoto. Ni kinyume chake.

Na kama babu mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, jina la baba yake lisomwe kwa uangalifu. Aliyeingia Uislamu au kuachwa huru bila baba anayejulikana mara nyingi aliandikwa bin Abdalla. Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi, Farhani na Baraka yalipewa sana watumwa, ingawa si ushahidi peke yake. Maneno ya kuangalia kwenye hati ya Kiarabu ni khadim (mtumwa), atiq (aliyeachwa huru) na mawla (aliyeachwa huru akabaki chini ya ukoo wa bwana), yakifuatwa na jina la bwana. Chini ya amri ya 1897 aliyetaka uhuru alikwenda kuuomba mahkamani, na bwana akaweza kulipwa fidia. Masuria hawakuingizwa hadi 1909. Kwa Pemba, kamishna wa mambo hayo alikuwa Farler, mmishenari wa zamani, na ripoti zake zilichapishwa Uingereza. Lakini wengi hawakwenda mahkamani kamwe. Walielewana na mwenye shamba, wakabaki, wakavuna. Kukosa jina katika orodha ya walioachwa huru hakuthibitishi kuwa mtu alizaliwa huru.

Aliyeachwa huru akafa bila mrithi wa damu, mali yake ilimwendea aliyemwacha huru au ukoo wake, kwa haki ya walaa. Ndiyo maana faili la mirathi la mtu masikini wa vibanda viwili linaweza kumtaja bwana kwa nasaba ya vizazi vitatu. Ukifika hapo, mfuate bwana: shamba lake ndilo lililomleta babu Pemba.

Siku ya 4, Jumatano. Mji Mkongwe

Kwa asubuhi, mambo ya wakfu. Tume ya kwanza ya wakfu iliundwa 1905, na wakfu wa kizazi ni hazina: mwenye mali anataja watoto wake, watoto wa watoto, na mara nyingine walioachwa huru na kizazi chao, ili wakae katika nyumba au wale matunda ya shamba. Orodha ya wanufaika ikihuishwa baada ya kila kifo, una ukoo uliojiandika wenyewe.

Mchana ni wa wenye babu aliyepitia misheni. Mapadri Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walifika 1863, Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, wakajenga kanisa lao Mkunazini palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na Mbweni wakawapa makazi walioachwa huru. Daftari la ubatizo lina jina jipya, tarehe, na mdhamini. Jina la zamani linaweza kuwepo au kukosekana. Mdhamini mwenyewe si ndugu. Usimuunganishe kwenye mchoro.

Sensa za 1924, 1931, 1948 na 1958 usizipotezee siku. Ripoti zilizochapishwa zina hesabu za makabila, hazina majina, na watu walibadilisha walivyojiita kutoka sensa moja hadi nyingine: Waswahili wakapungua, Washirazi wakaongezeka. Babu mmoja anaweza kuwa Mswahili kwenye karatasi moja na Mshirazi kwenye nyingine bila ya karani yeyote kukosea.

Siku ya 5, Alhamisi. Bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba

Tiketi ikatwe mapema, maana safari za Pemba si za kila saa. Karatasi zote ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Nakala halisi za familia zibaki Unguja, chukua vivuli tu. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30 kwa daladala.

Siku ya 6, Ijumaa. Chake Chake

Asubuhi ni fupi kwa sababu ya sala, hivyo chagua mlango mmoja. Kwa vifo na ndoa za karibuni, ni usajili wa matukio ya kijamii. Kwa ndoa, talaka na mirathi iliyokwisha amuliwa, ni mahkama ya kadhi. Peleka majina yakiwa yameandikwa kwa namna zote, jina la shehia, na miaka kumi ya kutafutia, si "zamani".

Kwa wenye asili ya Banani, shamba la misheni hapa Pemba, kumbuka kuwa Wakweka wa Uingereza, Wakristo wa dhehebu la Friends, walianzisha kazi yao pale 1897, mwaka wa amri yenyewe, na walioachwa huru walipata kazi ya mshahara na skuli. Karatasi zao nyingi ziko London.

Baada ya sala, nenda kwa sheha, yaani mkuu wa shehia, wa pale lilipo shamba. Salamu kwanza, habari za nyumbani, kisha shida. Na sema wazi tangu mwanzo: "Natafuta nasaba, sidai shamba." Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya serikali na mashamba makubwa yakagawiwa watu eka tatu tatu. Anayelima leo pale ana haki ya kumwogopa mgeni aliyebeba hati ya babu yake. Usitoe vivuli vya hati siku ya kwanza ya kujuana. Akikuamini, yeye ndiye atakayekuonyesha mpaka, maana analima juu yake kila siku.

Siku ya 7, Jumamosi. Shambani

Toka alfajiri, na mwenyeji wa shehia. Shika mipaka minne ya hati na uitembee. Pande zimeandikwa kwa majina ya zamani: kibla, suheli, matlai, magharibi. Kwetu kibla ni kaskazini, suheli kusini, matlai mashariki. Aliyezoea hati za Oman ajihadhari, kwani kule Makka iko upande wa magharibi. Akisoma kibla kwa mazoea ya huko ataligeuza shamba robo duara na kuhesabu majirani wasio wenyewe.

Mkarafuu hauaminiki kuwa alama ya mpaka, hufa na kupandwa mwingine. Tafuta kilichodumu: mto, bonde la mpunga, njia ya miguu, kisima, msikiti. Ukipata viwili kati ya vinne vinavyolingana na hati, endelea kwa majina ya majirani. Taja jina la jirani wa 1890 kwa mzee wa pale na unyamaze. Mara nyingi yeye halijui kama jina la mtu. Analijua kama jina la mahali: "kwa fulani", konde isiyo na nyumba. Hapo hati na ardhi zimekutana.

Makaburi ya zamani mengi hayana maandishi. Ni mawe mawili, kichwani na miguuni. Usiyafyeke bila ruhusa ya wenyewe. Chora yalivyopangana, kwa sababu ukoo huzikana safu kwa safu, na mzee anayejua kaburi moja ataweza kukuhesabia ya pembeni.

Siku ya 8, Jumapili. Kuandika

Baraza la nyumba ya mwenyeji linatosha. Tandaza karatasi kubwa na uchore kwa rangi tatu: kilichoandikwa wakati wa tukio, kilichoandikwa baadaye, na kilichosimuliwa. Mstari wa baba na mwana unaotegemea jina tu, bila shamba, shahidi wala fungu la mirathi, uache wa nukta nukta hata kama kila mtu anaupenda. Nyuma ya kila jina andika namba ya jalada, ukurasa, na jina la aliyekusimulia.

Yaliyobaki ng'ambo yanaombwa kwa simu na barua pepe: hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje, FO 84 kwa mambo ya biashara ya watumwa, FO 107 kwa Zanzibar ya 1893 hadi 1913, na CO 618 ya Wizara ya Makoloni kuanzia hapo, maktaba ya Bodleian, Oxford, kwa UMCA, Friends House, London, kwa Banani. Omba kwa jina la shamba, la wilaya na mwaka, na jina la mtu liwe la mwisho.

Toa nakala mbili za mchoro kabla ya kupanda boti. Moja mwachie sheha au mzee aliyekutembeza, nyingine mpelekee bibi wa siku ya kwanza, na umsomee kwa sauti, jina kwa jina, ukianza na upande wa wanawake. Ukurasa wa mama yake babu huenda bado una neno moja tu, fungu lake la sudusi. Uache wazi, na juu yake andika jina la shamba.